Kinaiga Vizuri, Lakini Kinamwiga Nani?

Kabla sijafika mbali nikiri jambo moja. Mimi ni mtu wa miaka 37, nina mke na watoto wawili, nasoma shahada ya pili hapa Birmingham, na mnaponiona asubuhi kwenye basi la Bristol Road nimeinamisha kichwa, msidhani nasoma makala za darasani. Nacheza Contra.

Mwenzetu mmoja wa chama alinibamba wiki mbili zilizopita. Akacheka mpaka abiria wakageuka. “Kaka, na ndevu hizo?” Nikamwambia akae, nikampa kifaa, na mpaka tunafika chuoni alikuwa ameshakufa mara tisa na hataki kukirudisha. Wakati wa kushuka akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike: “Sasa hii inafanana kweli na ile ya zamani, au ni danganya toto?”

Jibu fupi ni kwamba inafanana sana. Jibu refu linahitaji kurasa hizi, maana mimi mwenyewe nilidhani inafanana kabisa, kumbe kaka yangu aliyeko Tanga alikuwa na habari nyingine.

KIFAA CHENYEWE

Kinaitwa Anbernic RG35XX H. Kimetengenezwa China, kilitoka mwanzoni mwa 2024, kina kioo cha inchi 3.5, vitufe kama vya pedi, na nafasi mbili za kadi ya memori. Kinaingia mfuko wa koti. Nilikinunua kwa pauni zisizofika 60, yaani zamu moja ya kubeba boksi inakilipia na chenji ya chakula inabaki.

Ndani yake hakuna mashine ya zamani hata moja. Kuna prosesa ya kawaida, ndugu wa zile za simu za bei nafuu, na juu yake kuna programu zinazojifanya mashine za zamani. Programu ya namna hiyo inaitwa emuleta. Gemu ya mwaka 1988 ikitoa amri, emuleta inaisoma, inaitafsiri, kisha inajibu vile ambavyo mashine ya mwaka ule ingejibu. Gemu haijui kama imedanganywa. Ila kutafsiri ni kazi nzito jamani, kila aliyewahi kumtafsiria bibi yake hospitalini anajua. Ndiyo maana kifaa kinachoiga lazima kiwe na nguvu mara nyingi kuliko kile kinachoigwa.

Nimekipima miezi mitatu, na matokeo yangu ni haya.

Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983 na ambayo Ulaya na Marekani iliitwa NES, haina ubishi. Picha yake ilikuwa na nukta 256 kwa 240. Kioo cha hiki kifaa kina nukta 640 kwa 480, kwa hiyo kila nukta ya zamani inakuzwa mara mbili kamili na inatosha bila kukatwa. Super Nintendo, Mega Drive na Game Boy Advance nazo zinakwenda bila kukwama. PlayStation ya kwanza, iliyofika Ulaya mwaka 1995, gemu zake nyingi zilichorwa kwa nukta 320 kwa 240. Zidisha mara mbili uone: 640 kwa 480. Utadhani fundi cherehani alikuja na futi yake. Winning Eleven 2002 inakimbia kama siku ile imetoka kwenye nailoni.

Ukipanda juu ya hapo mambo yanabadilika. Nintendo 64, Dreamcast na PSP ni bahati yako: gemu nyepesi zinakwenda, nzito zinakokota miguu. GoldenEye 007 ya mwaka 1997 ni mojawapo ya zinazokokota, na kinachochekesha ni kwamba ilitengenezwa na Rare kule Twycross, si mbali na hapa tulipo. PlayStation 2 ndiyo usahau kabisa. Ile mashine ilikuwa na prosesa kadhaa zinazofanya kazi sambamba, na emuleta inatakiwa kuziiga zote kwa wakati mmoja bila mmoja wao kuchelewa. Vifaa vya mkononi vinavyoweza vipo, kwa mfano Steam Deck ya mwaka 2022, lakini hapo tunazungumzia bei mara kadhaa ya hii yangu, na zamu nyingi za usiku.

Kuna mambo mawili madogo. La kwanza ni kuchelewa. TV ya chogo ilikuonyesha ulichobonyeza karibu papo hapo. Kioo bapa na emuleta vinaongeza sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtu wa kawaida hatambui, aliyeruka mashimo ya Mario mara elfu moja anatambua. Tangu 2018 programu ya RetroArch ina dawa yake: inaendesha gemu kwa siri hatua moja mbele ili kufidia, na inasaidia.

La pili ni bunduki. Mnaikumbuka bunduki ya kupiga bata? Ilikuwa na jicho kwenye mdomo wake. Ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panakuwa peupe, na jicho linaangalia kama limeona mwanga. Ujanja wote ule ulitegemea namna TV ya chogo ilivyochora picha mstari kwa mstari. Kwenye kioo bapa jicho ni kipofu. Bata wamepona.

Kwa hiyo kwa madaraja ya hapa chuoni: mpaka PlayStation ya kwanza nakipa First. Nintendo 64 nakipa 2:2 kwa huruma. PlayStation 2 arudie mwaka.

Kama ningekuwa mwandishi wa gazeti la vifaa vya umeme, ningeishia hapo.

“DOGO, HIYO SIYO YENYEWE”

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mashine iliingia mwaka 1997. Televisheni yenyewe ilikuwa bado mgeni wa heshima sebuleni. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka 1994. Baba aliileta kutoka Mombasa: boksi la kijivu, pedi mbili za waya, bunduki nyeusi, na kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999999. Gemu za kweli hazikuzidi ishirini, zilizobaki ni hizo hizo zimebadilishwa majina. Neno Nintendo hatukulisikia. Ile mashine tuliita “gemu”, basi. Contra tuliita Makomandoo, Battle City tuliita Vifaru, Circus Charlie tuliita Sakasi. Mama aliamini inaunguza TV, kwa hiyo ruhusa ilikuwa nusu saa baada ya kazi za nyumbani, na watoto wa jirani wanaosubiri zamu walikaa kwenye mkeka mpaka mlangoni. Mwaka 2002 ikaharibika, ikapelekwa kwa fundi. Mpaka leo haijarudi.

Basi, nilipokipata hiki kifaa mtu wa kwanza kumpigia alikuwa kaka yangu. Ananizidi miaka mitano, sasa ana duka la vipuri vya pikipiki. Nikampigia kwa video, nikasogeza simu karibu, nikawasha Contra, hatua ya kwanza, ule wa msituni. Nilitegemea machozi.

Akasikiliza. Kisha akasema, “Dogo, hiyo siyo yenyewe.”

“Ni yenyewe kaka, si unaona?”

“Naona. Lakini inakimbia. Na hiyo filimbi siyo.”

Nikamwambia kwa adabu kwamba labda ni umri. Akanijibu, “Umri umeingia kwenye magoti, haujaingia masikioni,” akakata simu kwenda kuhudumia mteja.

Niliudhika, nisiwafiche. Nilikuwa nimekaa na kifaa kile mwezi mzima nikiwaambia watu hakina kasoro. Jioni ile nikamsimulia jirani yangu wa chumba, Mwingereza wa Dudley, mtu wa rika langu, nikitegemea tucheke pamoja. Hakucheka. Akasema yeye alipocheza Sonic kwenye simu akiwa mtu mzima, alidhani wameiharakisha kwa makusudi. Kumbe ile aliyoicheza utotoni kwenye Mega Drive ndiyo ilikuwa ya polepole. Uingereza nzima ilikua na Sonic wa polepole na wengi hawakujua.

Maelezo yake ni haya, na nawaomba mnivumilie kidogo. Televisheni za Japani na Marekani zilichora picha 60 kwa sekunde. Televisheni za mfumo wa PAL, za Uingereza na za kwetu Tanzania na Kenya, zilichora 50. Gemu za zamani zilihesabu muda kwa picha: kila picha moja, Mario anasogea hatua moja, wimbo unasogea noti yake. Ukiipeleka gemu ya Kijapani kwenye TV ya picha 50 bila kuirekebisha, kila kitu kinapungua kasi kwa sehemu moja ya sita. Wimbo uliotakiwa kuisha kwa sekunde 50 unaisha kwa sekunde 60. Emuleta ikikuta gemu ya Kijapani au ya Kimarekani inaiendesha kwa kasi ya huko, yaani 60. Kaka yangu alikuwa na haki. Ilikuwa inakimbia.

Na filimbi? Hapo ndipo nilipovua kofia. Mashine zetu hazikutengenezwa na Nintendo. Zilikuwa za kuiga, na nyingi zilitumia chipu za Taiwani zilizonakili zile za Famicom. Famicom ilikuwa na njia mbili za sauti inayofanana na filimbi, na mtunzi wa muziki aliweza kuifanya iwe nyembamba au nene. Kwenye chipu nyingi za kuiga, mipangilio miwili kati ya hiyo ilibadilishana nafasi. Palipotakiwa nyembamba ikalia nene, palipotakiwa nene ikalia nyembamba. Wimbo ni ule ule, koo ni jingine. Mtu aliyekaa na sauti ile miaka mitano kwenye mkeka ataijua hata akiamshwa usiku wa manane.

Nikaingia kwenye mipangilio. RetroArch ina emuleta ya Famicom inayoitwa FCEUmm, na humo kuna mahali pa kuchagua eneo. Nikakuta NTSC, ndiyo ya Japani na Marekani. Nikakuta PAL, ndiyo ya Ulaya. Na chini yake nikakuta neno Dendy.

Dendy ilikuwa mashine ya kuiga, feki kama yetu, iliyoanza kuuzwa Urusi mwaka 1992. Mashine za aina yake zilipangwa ili kaseti zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani zisikwame kwenye TV ya picha 50. Kazi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ya boksi letu la kijivu. Nikachagua Dendy. Chini zaidi nikakuta kitufe kingine, cha kubadilisha filimbi nyembamba na nene kama zilivyokuwa kwenye mashine za kuiga. Nikakibonyeza nacho.

Jumapili nikampigia kaka tena. Sikusema kitu, nikawasha tu. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha nikasikia anamwita mwanawe aliyekuwa uani: “Njoo haraka, njoo usikie. Hii ndiyo tuliyokuwa tunacheza na baba yako mdogo.”

ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO

Sasa nieleweke ninachosema. Kifaa hiki kinaiga vizuri mno, lakini kinaiga kile tu ambacho kuna mtu alikijali akakifungua, akakipima na kukiandika. Ukikitoa kwenye boksi kinakupa utoto wa mtoto wa Osaka au wa Chicago. Utoto wa mtoto wa Birmingham upo, uko hatua mbili ndani ya mipangilio. Utoto wa mtoto wa Moscow nao upo, kwa jina kabisa, kwa sababu watu waliokua na Dendy hawakuacha kuizungumza na kuichokonoa. Wa mtoto wa Ngamiani, wa Eastleigh, wa Kisenyi, wa Goma, umepatikana kwa kuazima chumba cha Mrusi.

Tumshukuru Mrusi. Lakini tumepata bahati, hatujapata haki. Kama mashine za Urusi zingetofautiana na zetu kidogo tu, kaka yangu angeambiwa na dunia nzima, nikiwemo mimi mdogo wake, kwamba masikio yake yamezeeka. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu alikuwa anasema kweli kuhusu maisha yake mwenyewe, na kifaa cha pauni 60 kikanifanya nimbishie.

Najua mtakachosema. Wa kwanza atasema: wewe umeletwa Ulaya kusoma, kwetu kuna matatizo ya maji na ada za shule, unatuletea habari za vitoto vya Mario. Sawa. Lakini tazameni wenyeji wetu wanavyofanya. Hapa Birmingham, kule Holford, ndiko ilikokuwa kampuni ya U.S. Gold iliyoanzishwa mwaka 1984. Codemasters ilianzishwa na ndugu wawili wa familia ya Darling mwaka 1986, ikaweka makao Southam, hapo Warwickshire. Ukiwauliza watu wa rika fulani wanakusimulia habari hizo kama wanavyosimulia habari za viwanda vya magari. Pale Sheffield tangu 2018 wana jumba zima la makumbusho ya gemu, na watoto wa shule wanapelekwa kwa basi. Hawaoni aibu, wanaita urithi. Iweje cha kwao kiwe urithi na chetu kiwe utoto?

Wa pili atasema: zile zilikuwa feki, nani anahifadhi feki? Hili ni swali zuri zaidi. Ni kweli, aliyeitengeneza alikuwa anaiba kazi ya watu. Lakini mimi niliyekaa kwenye mkeka sikuwa na ile halisi ya kulinganisha nayo. Kwangu mimi ile ndiyo ilikuwa halisi. Kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki, Urusi, India na kwingineko, mchezo wa video uliingia nyumbani kwa mlango huo wa uani. Ukiandika historia ya gemu ukauacha mlango huo, umeandika historia ya waliokuwa na hela.

Na muda hautusubiri. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani. Hizo ni gemu halali, za kampuni zenye majina na mawakili. Boksi la kijivu lililopelekwa kwa fundi Tanga mwaka 2002 nani analitafuta?

KIBANDA HAKIMO KWENYE KADI

Kuna kitu kingine ambacho hakuna mpangilio utakaokirudisha, na hapa nawasema hasa ninyi wadogo zangu mliokulia enzi za PlayStation 2.

Nilikuwa kijana wa miaka 18 mwaka 2006, na jina la mkoa huu tunaoishi nililisoma kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha gemu. Pro Evolution Soccer haikuwa na kibali cha kutumia majina ya klabu nyingi za Uingereza, kwa hiyo Aston Villa iliandikwa West Midlands Village. Tuliicheza hivyo hivyo. Nilipofika hapa nikaona treni zimeandikwa West Midlands, nikacheka peke yangu kituoni New Street.

Kibanda kilikuwa na PlayStation 2 mbili, feni moja, na benchi. Unalipia mechi. Anayefungwa anampisha aliyeko kwenye foleni, awe mtoto wa nani. Asiye na hela anaruhusiwa kutazama, kwa sharti la kutofundisha kwa sauti. Wenzetu wa Kenya nao wana simulizi hizo hizo za kwenda “kwa PS” badala ya kwenda madukani walikotumwa. Sony iliuza mashine hizo zaidi ya milioni 155 kabla ya kusimamisha kuzitengeneza mwaka 2013, na naamini hakuna aliyehesabu kila moja ililelewa na vijana wangapi. Nyumbani mashine moja ni ya watu wawili. Kibandani ilikuwa ya mtaa.

Sasa nitazameni mimi. Desemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Narudi chumbani, nafunga mlango, natoa kifaa chenye gemu zaidi ya mtaa mzima, nacheza peke yangu na spika za masikioni. Nikishinda hakuna anayepiga kelele, na nikifungwa hakuna wa kumpisha. Kuna usiku mmoja mwezi uliopita nilimaliza Contra yote bila kupoteza nafasi ya mwisho, jambo ambalo mimi na kaka hatukuwahi kulifanya miaka yote ile. Nikakiweka chini, nikasikia mashine ya kukaushia nguo ya jirani inazunguka, basi. Nilitamani mtu aniambie “toka, zamu yangu.”

Emuleta inaiga mashine. Foleni lazima tuilete wenyewe.

NINACHOPENDEKEZA

Sitaki kulalamika halafu nikae. Nina mambo matatu.

La kwanza ni kwa wanaokwenda nyumbani likizo hii. Fungueni stoo. Angalieni chini ya vitanda, juu ya makabati, kwenye masanduku ya wajomba. Ukikuta mashine ya zamani usiitupe, hata kama imekufa. Piga picha nje, fungua kwa bisibisi, piga picha ya ndani mahali chipu zilipo na maandishi yake yasomeke. Kama inawaka, rekodi kwa simu dakika moja tu ya wimbo wa mwanzo. Dakika hiyo inatosha mtu kuhesabu kasi na kusikia filimbi ni ipi. Waulize wakubwa: mlinunua wapi, mwaka gani, shilingi ngapi, mliziita nini. Majina tuliyozipa gemu hayamo kwenye emuleta yoyote. “Vifaru” na “Sakasi” yataondoka na sisi.

La pili, tuwe wasafi. Kutengeneza emuleta kwa kuichunguza mashine hakuna kosa; mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali hivyo mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix. Gemu zenyewe ni habari nyingine. Kadi zinazouzwa zimejaa maelfu ya gemu, anayeziuza mara nyingi hana ruhusa ya kuuza hata moja. Na sheria ya Uingereza haina mchezo: hata kale kamlango kalikofunguliwa Oktoba 2014 ka kunakili nyimbo na filamu zako kwa matumizi yako mwenyewe, Mahakama Kuu ilikafunga Julai 2015. Chumbani kwako ni wewe na dhamiri yako, mimi si askari na sijifanyi mtakatifu. Lakini chama chetu kinatumia kumbi za chuo na jina la chuo, kisiende kuaibika kwa ajili ya Mario.

La tatu ndilo ninaloomba uongozi ulijadili. Ijumaa moja kila mwezi tufungue kibanda. Hiki kifaa kinaunganishwa na TV kwa waya wa HDMI, na pedi za nje kinapokea. Zipo gemu mpya zinazotengenezwa leo kwa ajili ya mashine ya mwaka 1983, zinauzwa kihalali kwa pesa kidogo. Micro Mages ya mwaka 2019 inachezwa na watu wanne kwa pamoja. Mwenye PlayStation 2 yake halisi na diski zake aje nayo, maana hiyo ndiyo njia pekee ya kuileta West Midlands Village ukumbini. Sharti ni la kibandani: anayefungwa anampisha mwenzake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyemjua mtu akae benchi moja na sisi wazee wa ndevu. Wale wanaopotea kuanzia Novemba mpaka Machi, ambao tunawaona tu kwenye mitihani, huenda wakatoka kwa ajili ya hili kuliko kwa ajili ya mkutano mkuu.

Kaka yangu ameshanitumia picha. Amempata mtu Chumbageni mwenye boksi la kijivu kama letu, pedi moja imekatika waya, kaseti ipo. Anataka shilingi elfu thelathini. Nimemwambia alipe bila kubishana, na safari hii asiipeleke kwa fundi mpaka nifike.

Naomba kutoa hoja.